Magodoro Yamelala Wapi

Ziwa silishitaki.
Lilikuja mchana kweupe, Kibirizi nzima ikiona,
likapanda ngazi ya kwanza, ya pili,
likaingia sebuleni bila hodi,
likaondoka na vichanja vyangu vya dagaa,
madebe mawili ya mawese na mlango wa uani.
Siku ya tisa mlango likaurudisha:
ulikutwa Katonga, bawaba zake zote zipo,
kijana nisiyemjua akaniletea kichwani.
Kwa hiyo na ziwa sina kesi.

Nina neno na ile karatasi
iliyobandikwa ofisi ya kata kwa uji wa muhogo.
Namba kumi na saba: Ntilungiga Bukuru,
godoro moja, mablanketi mawili, amepokea, sahihi.
Ntilungiga ni mume wangu. Tulimzika mwaka juzi.
Huko aliko halalii sponji,
na alipokuwa hai hakushika kalamu;
dole gumba lake nalijua kuliko langu.
Mimi niliyelala darasani mwezi na nusu
juu ya gunia linalonuka dagaa,
simo.

Bombani maneno yanachemka.
Huyu anasema yameonekana Mwanga, nyumba ya wageni,
mapya, nailoni haijatolewa.
Yule: yalipanda boti usiku, yakavuka.
Mvuyekule, mshona nyavu, haongezi chumvi.
Anahesabu tu. Lori liliposhusha alikuwepo:
mia mbili na kumi.
Tuliopata: sitini na wanne.
Anafunga fundo, anakata uzi kwa meno.

Jumamosi mkutano. Turubai, spika inayokoroma,
mgeni rasmi na mabuti mapya ya mvua, jua likiwaka.
Akatuambia maafa ni mipango ya Mungu.
Tukaitikia amina; hilo hatubishi.
Akatuambia serikali ni sikivu.
Nikanyoosha mkono, ukakaa juu mpaka ukafa ganzi,
nikaamua kusimama.

Mheshimiwa, mvua ni ya Mungu. Magodoro ni ya nani?
Mia moja arobaini na sita.
Yamelala wapi?

Kicheko kilianzia nyuma, kwa wachuuzi wa migebuka,
kikaja mbele kama wimbi, kikapita viti vya wageni,
kikafika meza kuu, kikalowesha karatasi.
Mtendaji akanitazama kama anayetafuta jina.
Sizaina Gwassa, nikamwambia. Andika.
Huko kwenye orodha yako usihangaike, halimo.

Muhtasari umetoka jana. Nimeusoma nikiwa nimesimama.
Ukurasa wa nne, chini kabisa, baada ya shukrani kwa wafadhili:
"Mengineyo. Mama mmoja aliuliza kuhusu malazi."

Basi.

Vichanja vipya nimevisimamisha juu zaidi, karibu na barabara.
Nimenunua na daftari la kurasa mia.
Jioni Mvuyekule anataja majina, mimi naandika:
nani alipata, nani alisainiwa, nani yuko kaburini.
Tumefika ukurasa wa ishirini na mbili
na watu bado wanabisha hodi, wengine na tochi.

Mkutano ujao
tutaanza na mengineyo.