Wati na Miwati

Kadi ya zamani niliinunua Makambako
kwa jamaa aliyeapa haijawahi kuchezeshwa gemu.
Alidanganya. Feni yake ina pengo
kama mtoto wa darasa la kwanza,
na ikianza kuzunguka nyumba nzima inajua
kazi imeingia.

Mpya ilikuja na basi la usiku,
imeviringishwa taulo ndani ya ndoo ya rangi,
risiti imekunjwa kama barua ya posa.

Nikazipima kwa haki. Harusi ileile,
bibi harusi wa Kifanya, dakika arobaini na mbili,
keki, vigelegele, mashangazi wakiingia na blanketi.
Ya zamani: saa tatu na dakika kumi na nne.
Mpya: dakika thelathini na nane.

Kisha gemu la malori nililoazima kwa Exaveri.
Ya zamani fremu ishirini na tatu kwa sekunde,
kwenye kona kali kumi na saba,
lori linarukaruka kama simulizi ya mlevi.
Mpya themanini na kitu:
hata nyasi za kando ya barabara
zinainama unyasi kwa unyasi.

Joto: themanini na sita kwa hamsini na nane.
Nikasoma kwa sauti, nijisikie mtaalamu,
"Ya zamani inakula wati mia mbili na hamsini!"
"Miwati?" Osmunda akauliza toka jikoni.
"Ilete basi, mkaa umeisha."

Nilicheka. Nikaandika kwenye daftari:
mpya imeshinda kila safu.

Julai ya Njombe haina utani.
Jalidi hulala juu ya majani ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira,
na ndoo ya maji, alfajiri, ina ngozi.
Nyuma ya kompyuta, pale hewa ya moto inapotokea,
dada yangu alikuwa ameweka boksi la sabuni.
Vifaranga kumi na tisa.
Hakuniambia, nami sikuuliza;
ile milio nilidhani ni feni.

Wiki mbili harusi za watu ziliwalea.
Nikichakata sendofu, wanalala.
Nikichakata kipaimara cha Mjimwema,
watoto sitini na mishumaa yao,
wanaota manyoya.

Usiku wa kwanza wa kadi mpya
kazi iliisha kabla ya saa nne.
Nikazima. Nikajisifu. Nikalala.
Asubuhi walikuwa kumi na sita,
wamerundikana kona moja ya boksi,
na watatu kona nyingine.

Osmunda hakulia. Alisema tu,
"Hiyo yako ina haraka ya kwenda wapi?"

Nina deni la harusi nne.
Siwezi kuirudisha ya zamani ikimbie,
wala kuituma mpya ikaatamie.

Jumamosi akaja Menrad Kyando, mnunuzi.
Akaigeuza ile kadi, akapuliza feni,
ukatoka unyoya mdogo wa njano,
ukaelea, ukaelea,
ukatua ndani ya chai yake.
"Hii," akasema, "ilikuwa inafanya kazi gani?"
Nikamtajia bei.
Akaanza kuipunguza, na mimi naanza kukubali,
Osmunda akapita katikati yetu na kikombe kingine.
"Haiuzwi," akasema. "Kunywa chai."

Sasa imo kwenye kompyuta mbovu, haina kioo.
Usiku kucha inachora tufe moja linalojizungusha,
tufe ambalo hakuna atakayeliona,
na pengo lake linapiga mluzi.

Nimeongeza safu kwenye daftari.
Kichwa cha safu sijakipata.
Ya zamani: kumi na sita.
Mpya: sifuri.
Luku nayo inalia ukutani,
lakini hiyo ni safu nyingine.