Beseni

Mwantumu ana miaka sita, meno mawili ya mbele yamehama.
Shule ikifungwa anakuja kushinda nami kibandani,
Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
juu ya debe lililopinduliwa.
Kazi yake kunipa sipana ninayoitaja
na swali nisilolitaja.

"Baba, Mungu analala saa ngapi?"
Halali. Lete namba kumi.
"Hata mchana hasinzii, kama babu?"
Hata mchana.
"Basi amechoka sana."
Akanipa namba kumi na nne.

Siku nyingine ilikuwa zamu ya kina Gasper,
wa ng'ambo ya barabara, ambao Jumapili hawakaangi vitumbua.
"Wao wanaomba kwa kuimba, sisi kwa kuinama.
Mungu anamsikiliza nani kwanza?"
Nikakohoa. Nikaukagua mnyororo usio na kosa.
Nikasema: mama yako yuko jikoni,
wewe umemwita, na Hizza naye amemwita.
Si anawasikia wote?
"Anatusikia. Lakini huenda kwa Hizza kwanza,
kwa sababu Hizza analia."
Nikarudi kwenye mnyororo.

Jana ikaletwa baiskeli ya Mwalimu Sempombe,
gurudumu la nyuma limelala chapa.
Nikachomoa tyubu, nikaijaza upepo, nikaizamisha.
Tukainamia beseni, vichwa vinagusana.
Maji yakatulia, kisha vikapanda vitone vya hewa,
kimoja, kimoja,
kama shanga zilizokatikiwa na uzi.
"Hiyo ndiyo roho yake?"

Ningesema la. Lakini jua lilikuwa utosini
na ulimi wangu mvivu.
Eeh, nikasema, kama roho.

Nikapiga msasa. Nikapaka solusheni, nikaipuliza ikauke.
Nikabandika kiraka, nikakigonga taratibu.
Akaitazama kazi yote hadi mwisho,
halafu, kwa sauti ya mtu anayedai chenji yake:
"Kumbe unaweza.
Basi bibi mbona hukumziba?"

Mama tulimzika mwezi wa Shaabani.
Watu walikuja na maneno: kazi ya Mungu haina makosa,
sote njia yetu moja, subira, subira,
nikayapokea kwa mikono miwili kama sahani za wali.
Hakuna aliyeniuliza hili.
Wala mimi sikujiuliza kwa sauti,
ingawa usiku ule, pale Bombo, niliushika mkono wake
nikatafuta, wallahi, nikapapasa kwa vidole
pale upepo unapotokea.

Majibu ninayo. Nimeyahifadhi tangu chuoni,
na ustadhi wetu hakuwa mtu wa kukuachia ukosee.
Nikafungua kinywa huku nayapanga.
Yeye anangoja, magoti pamoja,
gundi imemkaukia kwenye kidole gumba,
na kila jibu nililolishika
lilikuwa sipana nzuri, lakini si ya nati ile.

Sijui, mwanangu, nikasema.
Nilitafuta tundu, sikuliona.

Hakulia. Alitia mkono majini, akakoroga,
akafikiri kama anavyofikiri mama yangu akihesabu fedha za kijumbe,
(akifikiri, nilitaka kusema; alivyokuwa akifikiri)
kisha akanigusa bega kwa mkono uliolowa.
"Hukuwa na beseni," akasema.
"Kule hospitali hawana beseni kubwa."

Mwalimu Sempombe akaja kabla ya alasiri,
akalibonyeza gurudumu mara mbili,
akauliza kama limeshika.
Mwantumu akamjibu kabla yangu:
"Kwa leo."

Maji hakutaka niyamwage.
Yapo hadi sasa, yana kutu na majani ya mwarobaini,
na akipita huinama, akayatazama,
sijui anangoja kitoke nini.
Nami, akishapita,
huangalia kushoto na kulia,
nikainama pia.