Somo la Mwezi, Gredi ya Nne

Niliazima karai la mama mboga wa langoni,
nikamwaga unga ulioingiwa na wadudu,
Wario wa duka aliniuzia kwa nusu bei,
kisha nikapepeta juu yake vumbi la makaa.
"Huu ndio mwezi," nikawaambia.
Wakacheka. Kariobangi nzima ingecheka.

Tukaudondoshea kokoto,
kutoka urefu wa dawati, kutoka bega la Ochola,
na kila kokoto ikachimba kishimo,
ikarusha weupe juu ya weusi.
Hivyo ndivyo ulivyopata ndui, nikasema.
Kule hakuna mvua ya kuusawazisha.

Watu kumi na wawili wameukanyaga.
Roketi yao ndefu kama KICC,
na kilichorudi nyumbani ni ncha tu,
kama kifuniko cha kalamu.
"Siku ngapi njiani?"
Tatu, kwenda tu.
"Kama Moyale zamani, mvua ikinyesha," akasema Halkano,
naye ameisafiri, hatukubisha.

"Mama husema mwezi uko kona,"
akadakia Kwamboka. "Wao waliiona hiyo kona?"
Nikaandika ubaoni: mwezi mchanga,
chini yake: mchanga wa mwezi,
nikawaacha wayageuzegeuze maneno mdomoni.
Huo mchanga, walipourudisha ndani kwa viatu,
walisema unanuka baruti.
Darasa likanyamaza.
Huku kwetu baruti ina majina ya watu.

Nikaharakisha.
Kila safari iliyotua ilikuwa ya watu watatu:
wawili walishuka,
mmoja akabaki juu, akizunguka na chombo,
asije akakosekana wa kuwarudisha.
Kila alipopita nyuma ya mwezi
redio ilikufa, karibu dakika hamsini,
asisikie mtu, asisikiwe na mtu.

Mutheu hanyanyui mkono. Siku hiyo alinyanyua.
"Hakukanyaga kabisa?"
Hakukanyaga.
"Alikuja hadi pale, akalinda mlango?"
Nikasema ndiyo, hivyo hasa,
na kengele ikalia, wakamwagika uani,
nikabaki na karai, na mende mmoja
akivuka mashimo bila bendera.

Sikuwaambia yote. Sikusema
pesa zilizotumika, wala kwamba kumi na wawili wote
walikuwa wanaume; hilo Kwamboka
atalihesabu mwenyewe, na atanijia juu.

Asubuhi Mutheu alinisubiri mlangoni,
soksi moja chini, daftari kifuani.
Baba yake ni bawabu Westlands,
hutoka jioni watu wakirudi,
hurudi watu wakitoka.
"Nilimwambia habari ya yule wa tatu."
Akasemaje?
"Aliacha chai ikapoa.
Akasema angalikuwa karibu
angemwashia tochi, mara mbili kila saa,
kama anavyomwashia yeye
bawabu wa lango la pili."