Ubao wa Kukodi

Sayulita, saa kumi na mbili na robo asubuhi.
Jogoo wa nyuma ya hoteli hajui niko likizo.

Nimekodi ubao wa bluu, una kovu la gundi ubavuni,
pamoja na Eleuterio, mwalimu wa miaka kumi na tisa,
anayeniita mama kwa lugha yake, kwa huruma.
Usitazame maji, ananionyesha kwa vidole, tazama ufuko.

Mimi wa Pangani,
niliyeambiwa mtoto wa kike bahari ni ya kuoshea miguu,
nimekuja mpaka Meksiko kulowa kichwa.

Naanguka. Chumvi puani.
Naanguka, mchanga umejaa nguoni kama gunia la pumba.
Mara ya saba nasimama,
muda wa kutosha kusema “ala!”
na kumwona mbwa, mwuza mahindi,
vibendera vya karatasi juu ya mtaa,
vyote vikinijia mbio,
kisha maji.

Usiku matarumbeta hayalali, magoti nayo hayalali.
Msimamizi wa wodi ameandika tena kutoka Mineapolisi: zamu ya Jumatatu, unaweza?
Nimegeuza simu kifudifudi.

Sekunde tatu, labda nne.
Ubao umelipiwa mpaka kesho saa nne.