Tano na Nusu

Wote huniuliza kabla jeki haijagusa gari:
Haya yatadumu muda gani?
Nami hujibu huku natafuta spana:
inategemea mguu, inategemea barabara,
inategemea una haraka ya kwenda wapi.
Mpira mgumu ni bahili, huishi miaka
bila kumkumbatia mtu.
Huu laini hushika lami kwa kujitoa,
kila kona huiachia ngozi kidogo.
Kinachokushika ndicho kinachokwisha.
Ya mbele, maili elfu kumi ukijaliwa.
Ya nyuma, yaliyobeba injini mgongoni, nusu yake.

Hayo nilimwambia Gwilym Oktoba iliyopita.
Nikamfungia manne mapya,
akayapapasa kama mtu anunuaye farasi,
akaandika tarehe katika kijitabu chake.
Gwilym huandika kila kitu.
Januari akateleza kwenye barafu, akavunjika nyonga,
mlangoni pake mwenyewe, wala si garini,
na lile gari jekundu likafunikwa turubai.
Ndivyo tujuavyo sote hapa Bala.

Leo Jumanne, manyunyu,
turubai limekuja limekunjwa kwenye kiti cha abiria,
na kwenye usukani ni mkewe, Heulwen,
mwalimu mstaafu wa hesabu,
aliyenifunza sehemu na desimali
na kunirudisha nyumbani kwa kucha chafu.
Anaziangalia kucha zangu. Hasemi neno.

Nainua. Nachuchumaa. Nachomeka kipimo.
Nyuma kulia, milimita mbili.
Nyuma kushoto, moja na nusu:
hilo hata polisi hawalitaki barabarani.
Kashata zimekwisha, ukingo wa ndani kipara,
na ule wa nje una vinyuzi vya mpira vilivyoviringika
kama takataka za kifutio juu ya daftari.
Vinyuzi hivyo havitoki kwenye safari ya kununua mkate.
Hutoka kwenye ile kona ya tatu, juu ya Migneint,
alfajiri, gia ya pili,
kondoo wakiwa hawajaamka.

Simwulizi. Tairi halijui kutunza siri,
kwa hiyo fundi lazima ajue.
Husema njia ya mwongo fupi.
Hii ilikuwa na maili elfu tatu na mia sita.

"Ijumaa daktari anamruhusu kuendesha," asema.
"Atapima. Unamjua, ana kile kijitabu."
Kisha, kwa sauti ileile ya darasani:
"Aliyaacha yakiwa na milimita tano na nusu.
Unayo ya aina hii, yaliyokwisha tumika,
ya tano na nusu?"

Na ninayo. Nyuma ya kibanda, chini ya gunia,
jozi ya kijana mmoja wa Corwen
aliyeuza gari mtoto wake alipozaliwa.
Nilikuwa nimekwisha geuka kuyafuata
macho yangu yalipoangukia dashibodi.
Namwonyesha kwa kidole, bila kuigusa.
Zile tarakimu, mwalimu. Hizo sina la kuzifanya.

Anazitazama muda mrefu.
Midomo yake inatoa hesabu, naiona:
kubwa kutoa ndogo,
kila asubuhi kugawanya kwa kilima,
na kwenye jibu anabaki yeye mwenyewe,
miaka sitini na saba, dirisha wazi, mvi kichwani zote wima.
Halafu anacheka. Darasani sikuwahi kumsikia akicheka.

"Basi nifungie mapya," asema.
"Yale laini."

Nikafunga. Nikasawazisha, nikajaza upepo,
nikamwonya kama ninavyowaonya wote:
siku za kwanza polepole, bado yana utelezi wa kiwandani.
Akalipa noti tupu, akaomba risiti,
na kwenye risiti akaniambia niandike jina lake.

Hakuniuliza yatadumu muda gani.

Akasimama pale njia panda, manyunyu yakimlegea kiooni,
indiketa ikipepesa kushoto.
Kwao ni kulia.