Kiti cha Jikoni

Saa kumi na moja alfajiri, Pittsburgh.
Theluji imeenea Bloomfield kama unga wa mtu aliyejikwaa.
Nimekaa kiti cha dereva; usukani unazunguka wenyewe
mbele ya kifua changu, polepole,
kama mtu anayekoroga uji usishike chini.
Mikono yangu iko mapajani.
Nalipwa dola ishirini na tatu kwa saa
ili isiguse kitu.

Gari lina macho kumi na mawili.
Halichezei simu, halijagombana na mke,
halijatoka zamu ya pili ghalani
likapanda Daraja la Mtaa wa Arobaini likisinzia,
kama nilivyosinzia mimi, Februari ile,
nikazinduliwa na ukingo ukikwaruza mlango wa abiria.
Hapakuwa na abiria.
Sijamwambia mtu. Gari nimeliambia:
linarekodi kila kitu, ila Kiswahili halijui.

Kwa hiyo msinihesabu upande wa wanaolicheka.

Lakini mji huu, taa ikiwaka kijani,
wa kwanza anayekata kushoto hupewa njia
kwa kidole kimoja kuinuka juu ya usukani.
Hakuna kitabu cha sheria kinachosema hivyo.
Gari halina kidole.
Linangoja, na nyuma yetu honi
zinatutukania mama.

Na leo, Mtaa wa Taylor, limegoma kabisa.
Limeitwa kumchukua abiria.
Magari yamezikwa pande zote mbili,
nafasi iliyochimbwa ni moja tu,
na katikati yake kiti cha jikoni,
miguu ya chuma, kikalio cha manjano kimepasuka.
Kwenye kioo: KIZUIZI KISICHOTAMBULIKA.

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga;
hawakuona macho kumi na mawili
yakikikodolea kiti kimoja dakika nne.

Hapa kiti ni neno.
Maana yake: nimechimba kwa koleo, mgongo unaniuma, usithubutu.
Msimu wangu wa kwanza nilikisogeza kimoja, nikaegesha.
Asubuhi nilikuta gari limemwagiwa maji,
milango imeganda kama nyama ya friji.
Asiyejua maana haambiwi maana;
mimi niliambiwa kwa ndoo.
Hili nani atalimwagia?

Mlango umefunguka. Bi Wanda Kaczmarek,
koti juu ya gauni la kulalia, fimbo nyeupe
imegonga ngazi ya kwanza, inatafuta ya pili.
Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, anakwenda kusafishwa damu.
Macho yake yaliondoka na sukari.
"Mbona hamwingii?" anauliza, akielekea upande tusiokuwapo.
"Nimemlipa mtoto wa jirani achimbe.
Nimewawekea kiti."

Karibu kiti!
Miaka kumi na minne tangu niambiwe hivyo mlangoni pa mtu,
na leo nimeambiwa barabarani, na asiyeniona,
na sikusikia.

Nashuka. Ngazi ni saba, zote zimevaa barafu.
Anashika kiwiko changu kama kitasa cha nyumba yake,
anauliza bei ya mayai huko dukani,
anasema zamani dereva alikuwa hashuki, anapiga honi tu,
na mmoja alimwacha kliniki mpaka giza.
Hili haliwezi kumsahau, anasema.
Kweli. Haliwezi kumsahau.
Wala haliwezi kumshika mkono.

Ameketi nyuma. "Mbele kuna mtu?"
"Yupo."
"Na mwakani?"
Najifanya nahangaika na mkanda wake.

Nakirudisha kiti mahali pake, kitutunzie nafasi.
Kwenye fomu, chini ya Sababu ya Kuingilia Kati,
kuna mvua, mnyama, mtembea kwa miguu, nyingineyo.
Nabonyeza nyingineyo.
Herufi arobaini, mwisho.

Usukani umeanza kukata kona wenyewe,
laini, laini kuliko mimi, nakiri.
Nyuma, Bi Wanda anahesabu kona kwa mabega.
Mbele, mimi nahesabu herufi.