Majibu kwa Mwanasha, Aliye Perth

Sauti yako imeingia alfajiri, dakika nne na sekunde kumi,
na nyuma yake ndege wa huko wakigombana kama madalali.
Maswali saba. Nimeyaandika nyuma ya risiti ya tokeni za stima.

Bei itapanda?
Mwanasha, wewe uko saa tano mbele yangu.
Kesho hufika kwako kabla ya kwangu.
Niambie wewe.

Kodi italipa mkopo?
Nimehesabu madirisha ya jengo la mkabala, saa mbili usiku:
ghorofa tisa, taa kumi na moja.
Mlinzi, kijana aitwaye Mumba, aniambia
mbili kati ya hizo huwasha yeye,
ili wanunuzi wasiogope.

Umenieleza kwamba huko, nyumba ya kupangisha ikikutia hasara,
serikali hukupunguzia ushuru,
hasara ikawa akiba iliyovaa nguo za msiba.
Nilicheka hadi Saumu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.
Hapa hasara ni hasara. Haina fomu.
Huja na lori la maji kila Jumatano,
kwa sababu kisima kimeonja bahari na hakijasahau.
Huja na lifti iliyokwama baina ya tatu na nne
tangu Mfunguo Sita,
na mpangaji wa nambari saba aliyehama na balbu zake.

Nyali au Bamburi? Mtwapa au Miritini?
Badi dalali hujibu yote "ndiyo."
Kidole chake kwenye ramani kina kasi kuliko barabara.
Vyumba viwili, asema, ukivipamba vitalaza wageni wa siku tatu tatu,
Desemba peke yake itakulipa mwaka.
Nikamuuliza: na Mei je?
Akaangalia simu.

Naelewa kwa nini wauliza.
Watu arobaini foleni kutazama nyumba moja ya matofali,
wote na viatu safi na barua za benki,
na kila ukiongeza akiba, mlango umesogea.
Miaka kumi na mbili ukiwageuza wazee wa watu vitandani usiku:
pesa hiyo ina maumivu ya mgongo.
Siwezi kuijibu kwa mzaha.

Mawili ni ya wakili, nimeyapeleka.
Lakini hili la sita: jengo la kwenye picha,
lenye minazi ya kompyuta na bwawa la buluu,
liko mtaa gani hasa, na zamani palikuwa na nini?

Mwanasha.
Ni Guraya. Ni pale.
Nyumba ilikuwa ya Bibi Mwanakheri, ardhi haikuwa yake:
kuta zetu, boriti zetu, bati letu,
na mchanga wa mtu tuliyemlipa ijara kila mwezi
kwa kitabu chekundu hadi kikaisha kurasa.
Aliyeuza aliuza chini. Juu ilibidi ibebwe.
Dirisha moja liko kwangu hadi leo, halitoshi ukuta wowote.
Wewe ulikuwa umeshaondoka.
Tulikwambia Bibi amehamia Kisauni kwa ajili ya hewa.

Jana nilipita. Mabati yamezunguka, nondo zimesimama.
Nikahesabu hatua toka nguzo ya stima, ambayo haikuhama:
kumi na nne, kisha tisa kushoto.
Fleti unayoulizia, ghorofa ya nne, "inayopokea upepo,"
iko sawasawa juu ya jiko lake.
Utanunua hewa, ndugu yangu,
ile ile ambamo moshi wake ulipanda bure.

Sikwambii usinunue. Hesabu ni hesabu,
na huenda hii ndiyo njia pekee ya kurudi pale na hati mkononi.
Waona? Nimeanza kusema kama Badi.

La saba uliuliza kwa sauti ya chini, nikalirudia mara tatu:
je, dirisha la jikoni litafunguka?
Nitamuuliza fundi kesho.
Kesho yangu, siyo yako.
Arbuni, mwisho Ijumaa.